Nabothi Alikosa Nini?





Katika kalenda ya liturujia iko siku moja inayotusumbua kila inaporudi. Ni Jumatatu ya juma la 11 la kipindi cha kawaida, Mwaka wa Pili. Siku hiyo somo la kwanza latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi Myezreeli, lililopakana na jumba lake, ili aligeuze bustani ya mboga. Alimwahidi fedha, au shamba jingine lililo bora kuliko lile. Nabothi akakataa, kwa kuwa shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Mwisho wa habari mwaujua: Yezebeli aliandika barua kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wakapatikana, na Nabothi akapigwa mawe nje ya mji. Kisha, baada ya zaburi, twasimama kuisikiliza Injili. Na Injili ya siku hiyo hiyo ni ile ya Mathayo, sura ya 5, ambamo Bwana wetu atufundisha tusishindane na mtu mwovu, tugeuze shavu la pili, na anayetaka kututwalia kanzu tumwachie na joho pia.

Masomo haya mawili yamewekwa pamoja, na kwa haraka yaonekana kugombana. Je, Kanisa latuambia kwamba Nabothi angempa mfalme shamba, yakaisha? Kwa miaka mingi hatukujiuliza swali hilo. Aliyetuuliza ni bibi mmoja asiyejua kusoma, na alituuliza kwa sababu tulikuwa tumemkosea.

Leo tunapenda kulikiri jambo hilo mbele yenu. Katika parokia tuliyoitumikia kabla ya kuhamishiwa hapa, tulikusudia kujenga ukumbi. Ramani ilikuwa tayari, michango ya jumuiya ndogo ndogo ilikuwa ikiingia, na mfadhili mmoja alikuwa ameahidi mabati. Kilichokosekana ni nafasi. Kiwanja cha kanisa kilikuwa kimebana, na upande wa mashariki kilipakana na kishamba cha bibi mjane, chenye migomba, mihogo, mwembe mmoja mkubwa na makaburi mawili: la mumewe na la mwanawe. Tuliwatuma wazee wa halmashauri walei wakaseme naye. Alikataa. Tukaongeza bei. Alikataa. Tukamwahidi kiwanja kingine karibu na barabara, kikubwa mara mbili ya kile. Akawapikia wazee uji, akawashukuru kwa kumtembelea, akakataa.

Basi ikafika Jumatatu ile. Katika Misa ya asubuhi somo la kwanza tulilipita kwa haraka, tukaishika Injili. Tulisema kwamba Mkristo wa kweli hang'ang'anii kitu cha dunia. Kwamba tukiombwa kimoja na Kanisa tutoe viwili. Kwamba wako wanaopokea Komunyo kila siku na bado mikono yao imefumbata udongo. Hatukutaja jina. Haikuwa lazima, kwani waamini wote waliokuwamo waligeuza macho kuelekea benchi la tatu.

Baada ya Misa tulikuwa sakristia tukivua kasula, alipobisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko."

"Milele amina. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Baba. Nimekuja na neno moja tu, unisaidie, maana mimi sikusoma. Lile somo la kwanza, Nabothi alikosa nini?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tumesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na jibu lililopatikana lilikuwa moja.

"Hakukosa kitu, Bibi."

"Haya, asante Baba. Kazi njema." Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vema, na katika kukosa usingizi tulimkumbuka mwalimu wetu wa seminari aliyetufundisha Mafundisho Jamii ya Kanisa. Alikuwa mmisionari mzee kutoka kusini mwa Ufaransa, mtoto wa wafugaji. Sisi mafrateri tulizoea kumcheka chini chini, kwa kuwa kila mada, iwe ya mshahara wa haki au ya amani duniani, iliishia kwa kondoo wa kwao. Tuliandika aliyoyasema kwa ajili ya mtihani, tukafaulu, tukasahau. Usiku ule habari yake ilirudi yote.

Kwao paliitwa Larzac. Ni uwanda wa juu karibu na mji wa Millau, nchi ya mawe ya chokaa, upepo na baridi, ambako watu huishi kwa kufuga kondoo na kuuza maziwa ya kutengenezea jibini maarufu ya Roquefort. Kulikuwa na kambi ya jeshi huko tangu mwanzo wa karne ya 20, yenye hekta zipatazo 3,000. Mwezi Oktoba mwaka 1971 Waziri wa Ulinzi, Michel Debré, alitangaza katika televisheni kwamba kambi ile itapanuliwa hadi hekta 17,000. Wakulima hawakuwa wameulizwa. Walizisikia habari za mashamba yao kama watu wasikiavyo habari za hali ya hewa.

Hawakuwa wanamapinduzi. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wa kwenda Misa kila Dominika, na baadhi walikuwa wamelelewa katika chama cha vijana wakulima Wakatoliki. Walipoanza kukaa vikao, vikundi vya siasa kutoka mijini viliwajia, kila kimoja na maneno yake makali na njia yake ya kupigana. Ndipo katika Kwaresima ya mwaka 1972 akafika mzee mwenye ndevu nyeupe, Lanza del Vasto, Mkatoliki mzaliwa wa Italia, aliyekuwa amejifunza kwa Mahatma Gandhi huko India, na ambaye mwaka 1963 alifunga siku 40 mjini Roma kwa ajili ya amani. Alikuja katika kijiji cha La Cavalerie, akafunga siku 15. Wakulima wakaja kuketi naye, wengine wakafunga. Maaskofu wa majimbo ya Rodez na Montpellier nao wakaja, wakafunga pamoja nao. Mwalimu wetu alipofika hapa alikuwa akigonga meza kwa kidole: "Maaskofu, mafrateri! Kabla ya kusema neno, walishinda na njaa pamoja na watu."

Tarehe 28 Machi 1972, iliyoangukia Jumanne ya Juma Kuu, wakulima 103 walitia saini ahadi kwamba hawataliuzia jeshi ardhi yao. Walikuwa karibu wote waliotakiwa kuondoka. Pamoja na ahadi hiyo walishika nyingine: kwamba hawatamdhuru mtu.

Kutia saini ni kazi ya dakika moja; kuitunza saini ile kuliwagharimu karibu miaka 10. Oktoba 1972 walipeleka kondoo 60 mjini Paris, wakawachunga chini ya Mnara wa Eiffel, ili watu wa mjini wajue kwamba Larzac si jangwa bali ina wenyewe. Januari 1973 walianza safari ya kwenda Paris kwa matrekta; walipozuiwa katika mji wa Orléans wakashuka, wakaendelea kwa miguu. Mwaka huo huo, walipokuwa hawapewi kibali cha kujenga, walianza kujenga bila kibali zizi kubwa la mawe pale La Blaquière, kwa mikono ya watu waliojitolea, na kwa fedha za raia waliozuia sehemu ndogo ya kodi yao wakaipeleka huko. Agosti 1974 watu wapatao 100,000 walikusanyika uwandani kwa sikukuu ya mavuno, na ngano iliyovunwa ikatolewa kwa ajili ya watu wenye njaa katika nchi maskini. Tazameni jambo hilo, wapendwa: watu waliotishiwa kunyang'anywa mashamba hawakukoma kutoa mazao yake.

Tusemapo kambi ya upinzani, watu hufikiri mahema na mabango. Larzac mahema yalikuwapo. Mwishoni mwa mwaka 1980 familia za wakulima zilipiga kambi palepale chini ya Mnara wa Eiffel, katika baridi. Lakini kambi yao kubwa ilikuwa ni kukaa. Jeshi liliponunua mashamba ya wale waliokubali kuuza, wengine walihamia humo, wakawasha moto jikoni, wakakamua kondoo, wakazaa watoto na kuwapeleka shule. Walilima ardhi ambayo kwa karatasi haikuwa tena ya mkulima.

Tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kiasi. Walichoka, wakagombana wao kwa wao, wakaburutwa mahakamani mara kwa mara. Juni 1976 watu 22 waliingia ndani ya kambi ya jeshi kutafuta hati za ununuzi wa ardhi. Wakakamatwa na kuhukumiwa. Usiku mmoja wa Machi 1975 bomu liliivunja nyumba ya familia moja pale La Blaquière, baba, mama na watoto wakiwa wamelala ndani. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Waliolitega hawakujulikana. Asubuhi yake lilikuwapo kila kishawishi cha kulipiza kisasi, na hawakulipiza. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 1978, walitembea kwa miguu kutoka Larzac hadi Paris, kilomita zipatazo 700, mikononi wakiwa na fimbo za wachungaji.

Tarehe 10 Mei 1981 François Mitterrand alichaguliwa kuwa Rais, na mwezi uliofuata serikali yake ikaufuta mpango ule. Kambi ya zamani ya jeshi ilibaki, na ingali ipo hadi leo. Kilichoachwa ni kuipanua. Mwaka 1985 ardhi iliyokuwa imenunuliwa na serikali, hekta zipatazo 6,300, ikakabidhiwa kwa mkataba wa muda mrefu kwa chombo kinachoendeshwa na wakazi wenyewe, na mkataba huo umekwisha kurefushwa hadi mwaka 2083. Mkulima hupewa ardhi ya kulima kwa muda wa kazi yake, hawezi kuiuza, akistaafu anampisha mwingine. Mwalimu wetu alipenda kutukumbusha kwamba katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu asema ardhi ni yake, nasi tu wageni na wapangaji kwake. "Watu wa kwetu," alisema, "walianza kwa kusema shamba ni langu, wakamaliza kwa kuelewa kwamba si la mtu."

Hayo ndiyo tuliyoyakumbuka, na ndipo masomo yale mawili yakaacha kugombana. Nabothi alikataa kuuza. Bwana wetu alikataza kulipa ovu kwa ovu. Hakuna mahali ambapo Bwana alikataza lile la kwanza. Kugeuza shavu la pili si kukimbia. Anayekimbia hana shavu la kugeuza. Ni kubaki umesimama mbele ya mwenye nguvu, bila kumpiga na bila kumpisha. Wafugaji wa Larzac walizishika neno zote mbili kwa mikono miwili, na mkono mmoja haukuudhoofisha mwingine. Wangeuza, mpango ungepita. Wangepiga, jeshi lingekuwa na sababu.

Ni kweli kwamba si kila kambi inaweza kuyashika yote mawili. Magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Nantes, kiko kijiji chenye jina la Mama Yetu, Notre-Dame-des-Landes. Uwanja wa ndege ulikuwa umepangwa kujengwa huko tangu miaka ya 1960. Wakulima waliokataa kuondoka walipata wenzao waliohamia katika eneo hilo la hekta zipatazo 1,650, wengi wao kuanzia mwaka 2009, wakajenga vibanda na kulima. Oktoba 2012 vikosi vya usalama vilitumwa kuwaondoa. Watu kwa maelfu wakarudi kujenga upya. Tarehe 17 Januari 2018 serikali iliuacha mpango huo. Lakini huko, pamoja na subira na jasho la wengi, kulirushwa pia mawe na chupa za moto, na watu walijeruhiwa pande zote mbili. Anayeitetea ardhi kwa haki anaweza kuipoteza roho yake akiitetea kwa chuki, na mchungaji asiyewaambia watu hivyo hawapendi.

Wala hatusemi kwamba kila mpango wa maendeleo ni tamaa ya Ahabu. Kanisa lafundisha kwamba mali ya dunia ni kwa manufaa ya wote. Barabara lazima ipite mahali, shule lazima isimame mahali, na wakati mwingine mtu mmoja huombwa sadaka kwa ajili ya wengi. Tofauti iko katika kuomba. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee katika majadiliano juu ya mipango inayowagusa, kwa kuwa ni maisha yao na ya watoto wao. Anayeulizwa kwa kweli ana uwezo wa kujibu hapana, na hapana yake ikasikika kuwa jibu. Sisi hatukuwa tumemwuliza bibi yule. Tulikuwa tumemjulisha, kisha tukampandishia bei, kisha tukamtumia Injili kama Yezebeli alivyoutumia muhuri wa mfalme. Hilo la mwisho ndilo lililotuuma kupita yote, na lingali linatuuma.

Siku ya pili yake, Jumanne, somo la kwanza liliendelea pale lilipokuwa limeishia. Eliya alitumwa kwa Ahabu, akamkuta ndani ya shamba lile lile la mizabibu, akamwambia neno la Bwana. Na Ahabu, mfalme mbaya kuliko waliomtangulia, alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, akatembea kwa upole. Tulisoma aya hizo altareni kwa sauti iliyotetemeka kidogo. Eliya wetu alikuwa amekwisha kuja, na fimbo yake, mlangoni pa sakristia.

Jioni tulikwenda kwake peke yetu, bila wazee wa halmashauri. Tulimwomba msamaha. Hakusema maneno mengi. Alitupeleka chini ya mwembe, akatuonyesha makaburi, akatuambia mwanawe alifariki akiwa na umri gani. Tukasali pale fungu moja la rozari. Kisha akatukaribisha uji, nasi tukanywa. Dominika iliyofuata tulisema mbele ya waamini kwamba mahubiri yale ya Jumatatu yalikuwa na kosa, na kwamba kosa lilikuwa la mhubiri.

Ukumbi ulijengwa, lakini mdogo, juu ya uwanja wa mpira wa vijana wa parokia, na vijana walitununia kwa muda mrefu. Nao walikuwa na haki yao. Mfadhili alitoa mabati nusu ya aliyoahidi, akisema mpango umebadilika. Hayo yote tuliyapokea. Bibi ametupa ruhusa ya kuisimulia habari hii kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe, nasi tumelitii.

Wapendwa, baadhi yenu katika parokia hii mna jirani ambaye ardhi yake inatakiwa: na ndugu, na mwekezaji, na ofisi fulani, pengine na Kanisa. Msiharakishe kumwita mkaidi. Nendeni mkakae naye kwanza, na mkipewa uji, mnywe. Na ninyi mnaokataa kuuza urithi wenu, katazeni mioyo yenu isichukie. Semeni hapana yenu kwa sauti ya kawaida, mkaendelee kupalilia. Katika mkutano wa jumuiya ndogo ndogo juma hili, tunaomba msome sura hiyo ya 21 hadi mwisho, wala msiipite kwa haraka kama tulivyofanya sisi, kisha mwulizane swali la yule bibi.

Mwenyezi Mungu, mwenye ardhi na vyote viijazavyo, awajalie walio imara subira, na walio na mamlaka masikio.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni sisi, Paroko wenu.